Zawadi nafuu zinazomfaa baba

WAHENGA walinena kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Hata hivyo, kila Jumapili ya tatu ya mwezi Juni inapokaribia, wakazi wengi wa mijini huingiwa na hofu ya kwenda kwa baba mikono mitupu, na wapo wanaothubutu hata kukopa ili wanunue kitu cha kujionyesha.

Siku ya Baba iliadhimishwa Juni 19, 1910 mjini Spokane, katika jimbo la Washington nchini Marekani, kwa juhudi za mwanamke aliyeitwa Sonora Smart Dodd. Alitaka kumuenzi baba yake, askari wa zamani aliyefiwa na mkewe akabaki kulea watoto sita. Mwaka 1972 Rais Richard Nixon alitia saini sheria iliyoifanya siku hiyo kuwa sikukuu ya kudumu nchini humo.

Asili yake, basi, ni shukrani wala si gharama. Akina baba wengi wakiulizwa wanataka nini hujibu: "Sina haja ya kitu, mwanangu." Jibu hilo lisikukatishe tamaa. Tazama anachokitumia kila siku, nawe utajua kinachomfaa.

Kutengeneza kilichochakaa

Zawadi iliyo nafuu kuliko zote ni kukifufua kitu anachokipenda. Saa iliyosimama huenda inahitaji betri na mkanda mpya tu. Viatu vyake vya ngozi vipeleke kwa fundi vibadilishwe soli na kung'arishwa. Redio iliyonyamaza kabatini huenda imekatika waya mmoja tu. Mzee atafurahi zaidi kukipata tena alichokizoea kuliko kufundishwa kutumia kigeni.

Mavazi

Kikoi cha pamba ni zawadi isiyopitwa na wakati, kwani hufaa nyumbani, kulalia na hata safarini. Kwa baba anayevaa kofia ya vito, fahamu kwamba iliyodariziwa kwa mkono huchukua muda mrefu kukamilika, hivyo bei yake huwa juu. Iliyoshonwa kwa cherehani ni nafuu na hupendeza vilevile. Kabla ya kununua, pima kwa uzi mzunguko wa kofia yake ya zamani, kwani kofia inayobana huishia sandukuni.

Miwani na afya

Kuanzia umri wa miaka 40 hivi, macho ya watu wengi huanza kushindwa kusoma maandishi ya karibu. Ukimwona baba akilisogeza gazeti mbali na uso, jua ameihitaji miwani ya kusomea. Lakini usimnunulie kwa kukisia; mpeleke kwanza akapimwe macho, maana presha ya macho huweza kumpofusha mtu polepole bila maumivu yoyote. Siku hiyohiyo apimwe pia shinikizo la damu na sukari. Wanaume wengi hawaendi hospitali mpaka wazidiwe, hivyo kumsindikiza ni zawadi inayoweza kuokoa maisha yake.

Kumbukumbu

Picha nyingi za familia siku hizi hukaa ndani ya simu, na simu ikipotea nazo hupotea. Chagua moja au mbili, zisafishwe na kutiwa fremu ili aweze kuzitundika ukutani. Vilevile, keti naye jioni moja kwa kahawa au mchezo wa bao, umwombe asimulie alivyokulia, majina ya babu zake na kazi yake ya kwanza, huku ukirekodi sauti yake kwa simu. Hifadhi nakala zaidi ya moja. Zawadi hii haihitaji fedha, bali muda.

Kwa anayeishi mbali, kumtumia baba fedha ni jambo jema, lakini ziambatane na mazungumzo ya simu yasiyo ya haraka.

Ni desturi yetu kuchangishana fedha nyingi mzazi anapofariki dunia, zikalipia jeneza, mahema na chakula cha waombolezaji. Mchango huo ni wa heshima, ila mwenyewe hauoni. Kikoi, miwani au jioni moja ya masimulizi, hata kwa sehemu ndogo ya gharama hizo, ataipokea kwa mikono yake mwenyewe.