Wakulima wa Iowa na Mzigo wa Deni

Tukisikia jina la Marekani, mara tunawaza majumba marefu, magari na fedha nyingi. Tunasahau kwamba huko nako wako watu wa shamba, wanaoamka kabla ya jua, wanaotazama mawingu, na wanaoogopa deni kama sisi. Leo tunataka kuwasimulia habari za jimbo moja la wakulima, jina lake Iowa. Tutaona namna walivyopatwa na shida mara mbili, mambo mema na mabaya waliyoyatenda, na namna Eklezia ilivyosimama karibu nao.

Nchi yenyewe

Iowa iko katikati ya Marekani, kati ya mito miwili mikubwa: Mississippi upande wa mashariki, na Missouri upande wa magharibi. Udongo wake ni mweusi, wenye rutuba sana. Watu hulima mahindi na soya, tena hufuga nguruwe wengi. Zamani nchi hii ilikuwa ya Waindiani, na wengi wao walifukuzwa. Lakini kabila moja, Wameskwaki, walirudi, na mwaka 1857 walinunua kwa fedha yao wenyewe ekari 80 za ardhi. Wazao wao wanakaa pale hata leo. Basi hao walitangulia kuonyesha katika jimbo lile kwamba watu wanaoshikamana hawapotei.

Bei inaanguka, deni linabaki

Wakati wa vita vya 1914-1918 vyakula viliuzwa kwa bei kubwa. Wakulima wakafurahi, wakakopa fedha katika banki ili kununua mashamba mengine. Kumbe, toka mwaka 1920 bei ikaanza kuanguka. Lakini deni halikuanguka! Aliyekopa wakati wa neema alipaswa kulipa wakati wa njaa ya fedha. Mwaka 1932 mahali pengine kipimo cha kilo 25 za mahindi kiliuzwa kwa senti 10 tu za dola. Wengine wakachoma mahindi katika majiko yao, kwa maana yalikuwa rahisi kuliko makaa ya mawe.

Mwaka ule ule wakulima wakaunda chama, na kiongozi wao alikuwa Milo Reno. Wakafunga njia zinazoingia mji wa Sioux City, ili maziwa na nguruwe visifike sokoni mpaka bei ipande. Tena wakatumia akili nyingine. Banki ilipotaka kuuza kwa mnada mali ya mkulima mwenye deni, majirani walikuja wote pamoja. Ng'ombe alitajiwa bei ya senti chache, na hakuna mtu aliyethubutu kuongeza. Mnada ulipokwisha, majirani walimrudishia mwenyewe vitu vyake vyote. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Lakini tusifiche mabaya. Mara nyingine walitundika kamba ya kunyongea mtu mahali pa mnada, ili kuwaogofya wageni. Na siku ya 27 Aprili 1933, katika mji wa Le Mars, kundi la watu wenye hasira likamtoa hakimu Bradley katika tribinali. Walimtaka aape kwamba hatatia tena sahihi hukumu za kuwanyang'anya watu mashamba. Akakataa. Wakampiga, wakamtia kamba shingoni. Mwishoni wakamwacha hai, lakini aibu ilienea katika nchi nzima, na gavana akatuma askari.

Tuseme wazi: shida yao ilikuwa ya kweli, na haki waliyoidai ilikuwa ya kweli. Hata hivyo, kumtesa mtu mmoja hakukupunguza deni hata senti moja. Kilichosaidia ni kitu kingine. Mwezi wa Februari mwaka huo huo, bunge la Iowa lilikuwa limekwisha kutoa sheria ya kuchelewesha kunyang'anywa mashamba. Kisha serikali mpya ya Rais Roosevelt, ambamo Henry Wallace, mtu wa Iowa, alikuwa waziri wa kilimo, ikaanza kuwakopesha wakulima senti 45 kwa kila kipimo cha mahindi waliyoyaweka ghalani. Hapo watu wakapata pumzi.

Mapadri wanaopenda shamba

Na Eklezia ilifanya nini? Wakatoliki wengi wa Marekani walikaa mijini, karibu na viwanda. Wale wa shamba walikuwa wachache, wametawanyika, bila shule na mara nyingi bila padri. Padri mmoja wa Oregon, Edwin O'Hara, aliona uchungu huo. Akawapelekea watoto wa mbali mafundisho ya dini kwa posta, na wakati wa likizo akawakusanya kujifunza katekisimu. Sisi makatekista tunaelewa vema kazi hiyo! Mwaka 1923, katika mji wa Saint Louis, alianzisha chama cha Wakatoliki cha kutunza maisha ya shamba. Baadaye akawa askofu.

Katika Iowa kulikuwa na padri mwingine, Luigi Ligutti. Alizaliwa Italia mwaka 1895, akaenda Marekani akiwa kijana, akapata upadri mwaka 1917. Toka mwaka 1926 alikuwa paroko wa Granger, karibu na mji wa Des Moines. Parokia yake ilikuwa na wachimbaji wengi wa makaa ya mawe. Watu hao walipata kazi hasa wakati wa baridi. Miezi mingine walikaa bure katika kambi, na watoto wao waliona njaa. Padri Ligutti akafikiri: mtu mwenye bustani, ng'ombe mmoja na kuku hawezi kufa njaa shimo likifungwa. Akaiomba serikali msaada, na mwaka 1935 nyumba 50 zikawa tayari, kila moja na ekari zake chache. Wenyeji walipaswa kulipa polepole mpaka nyumba iwe mali yao. Haikuwa sadaka, ilikuwa njia ya kumpa mtu heshima yake.

Barua ya mkulima

Sasa sikieni jambo la kupendeza. Mwaka 1979 Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alikuwa karibu kusafiri kwenda Marekani. Mkulima mmoja wa Iowa alimwandikia barua kwa mkono wake mwenyewe, akimwomba asiishie katika miji mikubwa, bali awatembelee watu wa shamba. Baba Mtakatifu akakubali. Siku ya 4 Oktoba, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi, akasoma Misa kwenye uwanja wa mashamba karibu na Des Moines, mbele ya watu wapata 350,000. Aliwafundisha kwamba ardhi ni zawadi ya Mungu, na yapasa kuitunza kwa ajili ya watakaokuja.

Misalaba mbele ya tribinali

Furaha hiyo ilifuatwa na majaribu. Katika miaka ya 1970 wakulima walikuwa wamekopa tena, kama baba zao. Toka mwaka 1981 riba ilikuwa kubwa na bei ya ardhi ya Iowa ikaanguka, hata ikapoteza zaidi ya nusu katika miaka michache. Jamaa nyingi zikapoteza mashamba ya mababu, na wako waliojiua kwa huzuni. Watu wakasimika misalaba myeupe mbele ya tribinali, kuwa ukumbusho wa mashamba yaliyopotea. Askofu Dingman wa Des Moines aliwatetea bila woga. Safari hii kamba haikuonekana tena shingoni mwa hakimu. Mwaka 1985 gavana akaitumia tena sheria ya kuchelewesha, ile iliyotokana na shida ya zamani.

Je, wote waliokoka? Hapana. Zamani zile Iowa ilikuwa na mashamba zaidi ya 200,000. Siku hizi hayafiki 90,000. Mashamba yamekuwa makubwa, watu wamepungua, na parokia nyingi zimeunganishwa.

Tupate fundisho gani?

Kwanza, tusikope wakati wa bei nzuri kana kwamba bei mbaya haitakuja. Pili, jirani akipatwa, tusingoje kuitwa. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tatu, tudai haki bila kumwaga damu, maana sheria njema hudumu kuliko hasira. Nne, tusione haya kuwaandikia wakubwa wetu. Barua ya mkulima mmoja ilimleta Papa shambani.

Mtakatifu Isidori, uliyelima mashamba ya watu bila kumsahau Mungu, utuombee.