Ushahidi wa Wanawake Wawili: Urafiki na Vita katika Riwaya ya Khaled Hosseini

Riwaya ya A Thousand Splendid Suns, iliyotoka mwaka 2007, husomwa mara nyingi kama kisa cha uvumilivu wa wanawake wa Afghanistan katika miaka ya vita. Usomaji huo unaishia njiani. Hoja ya makala haya ni kwamba urafiki wa Mariam na Laila ni ushahidi: unathibitisha dhuluma ambayo watawala waliopokezana Kabul walikataa kuisikiliza.

Tuanze na chimbuko la dhuluma yenyewe. Katika sura inayosimulia mapinduzi ya kikomunisti ya Aprili 1978, Rasheed, fundi viatu na mume wa Mariam, anaukasirikia wali ambao haukuiva vizuri. Anatoka, anaokota kokoto, kisha anamlazimisha mkewe azitafune mpaka magego mawili yanavunjika. Wakati huo majeshi ya Kisovieti hayajaingia nchini, na kundi la Taliban halijaundwa. Hosseini anayaweka mambo hayo katika sura moja ili tusivitwishe vita lawama yote. Vita viliikuta nyumba hiyo ikiwa na dhalimu wake. Vikamzibia mke njia za kutokea. Baadaye, Mariam na Laila wanapojaribu kutorokea Peshawar, nchini Pakistan, polisi wanawarudisha kwa Rasheed, kwa maelezo kwamba ya nyumbani ni ya mwenye nyumba.

Laila anaingia katika nyumba hiyo kama mke wa pili wa Rasheed mwaka 1992, akiwa na miaka 14, baada ya roketi kuwaua wazazi wake. Msomaji wa Kiswahili anaujua ukewenza na wivu wake, hivyo hatashangaa Mariam anapompokea kwa ukali na kumgawia kazi za nyumbani. Mabadiliko yanaanza pale Laila anapoushika mkono wa Rasheed ulioinua mkanda wa kumchapia Mariam. Hakuna aliyewahi kumtetea Mariam hivyo. Naye anamletea mtoto wa mwenzake nguo alizozishona mwenyewe. Kisha wanaketi uani, wanakunywa chai na kula halua kwa vidole kutoka bakuli moja, huku milio ya risasi ikisikika vilimani. Kila mmoja sasa ana mtu anayeyaona maumivu yake na kuyaamini.

Uzito wa jambo hilo unajitokeza kesini. Rasheed anapomkaba Laila koo, Mariam anamuua kwa sepetu, kisha anamsihi mwenzake aondoke na watoto. Mbele ya mahakimu wa Taliban, anaambiwa kwamba shahidi mwanamume mmoja anatosha, lakini wanawake lazima wawe wawili. Shahidi wa pili, Laila, yupo, ila kumwita ni kumponza. Mariam anaiacha haki ya kuita mashahidi, na anauawa kwa risasi katika uwanja wa michezo wa Ghazi.

Hapa muundo wa riwaya unajibu mahakama. Sehemu ya kwanza ni ya Mariam, ya pili ni ya Laila; katika ya tatu wanapokezana sura kwa sura. Nyumba ileile inaonekana kwa macho ya wanawake wawili, na wanayoyaona yanaoana. Sharti ambalo mahakama iliweka limetimizwa, na anayesikiliza kesi safari hii ni msomaji.

Wapo wanaohoji kwamba kitabu kilichoandikwa kwa Kiingereza na Mwafghanistan aishiye Marekani, nchi iliyokuwa vitani Afghanistan, kiliwaliwaza wasomaji wa huko kwa mwisho wenye matumaini. Hoja hiyo ina nguvu. Mwishoni, mwaka 2003, Laila anafundisha yatima mjini Kabul. Lakini Taliban walirudi madarakani Agosti 2021, na wasichana wakafungiwa shule za sekondari. Hata hivyo, kilichotikiswa ni utabiri wa riwaya. Ushahidi wake umebaki imara. Kokoto, polisi na mahakama vinaonyesha kwamba kubadilika kwa watawala hakukumpa mwanamke haki ya kusikilizwa. Kwa hiyo, tunapofundisha fasihi ya vita, haitoshi kuwasifu wanawake kwa uvumilivu wao. Tuwaulize wanafunzi wetu ni nani aliyewalazimisha kuvumilia, na ni nani aliyekataa kuwasikia.