Pasi Fupi za Cincinnati

Kocha mwenye kikosi dhaifu hana anasa ya kuchagua mchezo anaoupenda. Wiki hii namkumbuka Bill Walsh, aliyekuwa kocha msaidizi wa Cincinnati Bengals huko Marekani, ambako mpira hushikwa mkononi kuliko kupigwa kwa mguu.

Mwaka 1969 timu hiyo changa ilikuwa na kijana Greg Cook, mwenye mkono wa kurusha mpira mbali ajabu. Bega likaumia. Mwaka 1970 kazi ikamwangukia Virgil Carter, msomi wa takwimu, ambaye mkono wake haukuwa na nguvu ila ulijua kulenga. Na kupenya kwa mbio katikati ya yale mabeki mapande ya watu, timu haikuweza.

Walsh hakumlazimisha Carter awe Cook. Alibuni pasi fupi fupi, za haraka, za kwenda pembeni, kila mpokeaji akijua apige hatua ngapi kabla ya kugeuka. Kule timu hupewa majaribio 4 ya kusogea yadi 10. Basi yadi 4 hapa, 6 pale, safari inaendelea. Mwenye dharau atauita mchezo wa woga. Mimi nauita hesabu.

Walishinda mechi ya kwanza, wakafungwa 6 mfululizo, kisha wakashinda zote 7 zilizobaki na kutwaa ubingwa wa kundi lao.

Baadaye Walsh aliihamishia mbinu hiyo San Francisco, timu iliyoambulia ushindi wa mechi 2 kati ya 16 mwaka 1978. Januari 1982 ikawa bingwa wa nchi. Waliofungwa siku hiyo, 26 kwa 21, ni Cincinnati.