Namba ya Mersenne ya 67 na vigawo vyake

Namba 147,573,952,589,676,412,927 hupatikana kwa kutoa 1 katika 2 iliyopandishwa kwa kipeo cha 67. Kwa zaidi ya karne mbili ilidhaniwa kuwa namba tasa, yaani isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe.

Dhana hiyo ilitoka kwa Marin Mersenne, mtawa Mfaransa aliyeishi Paris. Mwaka 1644 alichapisha orodha ya vipeo ambavyo, kwa maoni yake, huzaa namba tasa: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Kipeo chenyewe hakina budi kuwa tasa, lakini hilo pekee halitoshi. Kipeo cha 11, kwa mfano, huzaa 2,047, ambayo ni zao la 23 na 89.

Mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, alibuni njia ya kupima utasa wa namba za aina hii bila kutafuta vigawo vyake. Kipimo hicho kilithibitisha kuwa 127 ilistahili kuwemo katika orodha, na kwamba 67 haikustahili. Hata hivyo, vigawo vya namba ya 67 havikujulikana bado.

Aliyevipata ni Frank Nelson Cole, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia. Alisaidiwa na kanuni ya tangu enzi za mwanahisabati Fermat: kila kigawo cha namba hii kikigawanywa kwa 134 huacha baki 1. Kanuni nyingine za baki zilizidi kupunguza namba za kujaribiwa. Oktoba 1903, katika mkutano wa Chama cha Hisabati cha Marekani jijini New York, alitoa jibu lake: 193,707,721 mara 761,838,257,287. Inasimuliwa kwamba alifanya hesabu yote ubaoni bila kutamka neno, na waliohudhuria wakampigia makofi.

Orodha ya Mersenne ilimalizwa kukaguliwa mwaka 1947. Ilibainika kuwa 67 na 257 ziliingizwa kimakosa, na 61, 89 na 107 ziliachwa.

Kuzidisha vigawo vya Cole ni kazi ya dakika chache kwa kalamu; kuvitafuta ndiko kugumu. Juu ya tofauti hiyo umejengwa mfumo wa usimbaji wa RSA, uliobuniwa mwaka 1977 na unaotumika hadi leo kulinda mawasiliano ya kompyuta.