Mkasi Juu ya Vitanzi: Historia ya Kiolezo cha Blauzi ya Kuvutika

Historia ya blauzi ya kuvutika, yaani vazi la jamii moja na fulana na jezi, ni historia ya mkasi kukubaliwa mahali ulipokuwa umekataliwa. Kitambaa cha kawaida, kama vile kaniki au khaki, hufumwa kwa nyuzi za mtande zinazokwenda kwa urefu na nyuzi za mshindio zinazopishana nazo kwa upana, na kwa kuwa nyuzi hizo zimenyooka na kubanana, kitambaa hicho hakinyumbuki sana ila kikivutwa mshazari. Kitambaa cha vitanzi huundwa kwa uzi unaopindwa na kushikana safu kwa safu, na kila kitanzi kina nafasi ya kufunguka kinapovutwa na kurudi kinapoachwa. Lakini uzi wake ukikatwa mahali pamoja, vitanzi vya jirani huanza kufumuka.

William Lee wa Calverton, kijiji cha karibu na Nottingham nchini Uingereza, alipounda mtambo wa kufuma soksi mwaka 1589, mtambo huo uliiga kazi ya sindano za mkono na kurithi pia desturi ya kulipa vazi umbo lake lingali linafumwa. Mfumaji aliacha vitanzi vingi penye shavu la mguu na kuvipunguza penye kifundo, hata kipande kikatoka mtamboni kikiwa na sura ya mguu, na kingo zake zote zikiwa zimefungwa. Mwanzoni mwa karne ya 19 baadhi ya waajiri wa eneo la Nottingham walianza kufumisha vipande vipana vilivyonyooka, ambavyo vilikatwa kwa mkasi kwa umbo la soksi na kushonwa. Soksi hizo ziliuzwa kwa bei nafuu, zikafumuka upesi, na aibu yake ikawaangukia wafumaji wote. Waluditi, wafanyakazi walioanza kuvunja mitambo mwaka 1811, walikuwa na malalamiko mengi, hasa ya ujira, lakini soksi za kukatwa zilikuwa miongoni mwa mambo waliyoyalaani waziwazi. Bunge lilijibu mwaka 1812 kwa sheria iliyofanya uvunjaji wa mitambo kuwa kosa la kunyongwa, ingawa mshairi Byron alisimama katika Baraza la Malodi kuipinga. Wafumaji hao, ambao mara nyingi husimuliwa kama maadui wa maarifa mapya, walikuwa na hoja sahihi ya kiufundi: mshono wa mstari mmoja haunyumbuki pamoja na kitambaa cha vitanzi, kwa hiyo hukatika, na ukingo ulio wazi hufumuka.

Tiba ya ukingo ilipatikana katika miaka ya 1880, pale familia ya Merrow ya Connecticut, Marekani, iliyomiliki kiwanda cha kufuma, ilipotengeneza mashine ya kuzungushia uzi kwenye kingo za nguo za vitanzi. Mashine za jamii hiyo ndizo zilizozaa ile ambayo mafundi wa leo huiita ovaloki, inayokata ukingo, kuufunga kwa nyuzi kadhaa na kuuacha ukiendelea kuvutika.

Kiolezo, yaani karatasi iliyokatwa kwa umbo la kila kipande cha vazi, kilikuwa kimekwenda njia yake. Mwaka 1863 fundi Ebenezer Butterick wa Sterling, Massachusetts, alianza kuuza violezo vilivyopangwa kwa saizi, na biashara hiyo ikaenea haraka. Violezo hivyo vilitungwa kwa ajili ya kitambaa cha mtande, ambacho hudai mambo mawili: nafasi ya ziada juu ya kipimo cha mwili ili mvaaji aweze kupumua na kuinua mikono, na mikunjo iliyoshonwa kwa kuchongoka, ambayo hulipa bapa la kitambaa uvimbe wa kifua. Baadaye saizi zilitafutiwa msingi wa takwimu. Wizara ya Kilimo ya Marekani iliwapima wanawake wapatao 15,000 katika miaka ya 1939 na 1940, lakini hesabu zilizochapishwa mwaka 1941 zilihusu wanawake weupe peke yao, na mwili wa wastani uliotokana nazo haukuwa mwili wa mtu yeyote hasa.

Njia hizo mbili zilikutana nyumbani katika miaka ya 1960, wakati vitambaa vizito vya vitanzi vya poliesta vilipojaa madukani Marekani na washonaji wakagundua kwamba violezo walivyovizoea vilitoa blauzi zilizolegea begani na kujaa mikunjo kwapani. Ann Person wa Oregon, mwanzilishi wa Stretch & Sew, na Kerstin Martensson, mzaliwa wa Sweden aliyeanzisha Kwik Sew huko Minneapolis, waliwafundisha washonaji hao kukifikiria upya kiolezo. Kwanza kitambaa hupimwa mvutiko wake: inchi 4 zikivutwa bila kulazimishwa hadi inchi 5, mvutiko ni asilimia 25. Kwa kitambaa chenye mvutiko mkubwa, kiolezo huruhusiwa kuwa kidogo kuliko mwili, hata kifua cha inchi 36 kikashonewa blauzi ya inchi 34, jambo ambalo kwa kitambaa cha mtande lingekuwa upuuzi. Mkunjo wa kifua hufutwa, bega hupunguzwa, tundu la mkono hupandishwa karibu na kwapa, na utepe wa shingo hukatwa mfupi kuliko shingo yenyewe ili ukivutwa wakati wa kushonwa ulale bapa kifuani. Bega ndipo pekee panaponyimwa uhuru wa kunyumbuka. Hushonwa pamoja na kamba nyembamba isiyovutika, kwani uzito wote wa vazi unaning'inia hapo.

Hata hivyo, kunyumbuka hakuondoi haja ya kurekebisha, na wanaodai kwamba kitambaa hiki humkaa kila mtu hawajatazama mgongo wa mvaaji. Kifua kikubwa hula kitambaa cha mbele hata pindo likapanda tumboni, na dawa yake ni kukata kiolezo cha mbele na kukipanua penye kifua tu, bila kugusa bega. Mgongo uliobonyea hukusanya makunjo juu ya nyonga, nayo huondolewa kwa kupunguza urefu wa kipande cha nyuma katikati, penye kiuno. Kwa mwenye kifua cha saizi moja na nyonga za nyingine, violezo vya Stretch & Sew vilichapishwa saizi kadhaa juu ya karatasi moja, na mshonaji alinakili mistari yake kwenye karatasi nyingine, akihama taratibu kutoka mstari mmoja hadi mwingine penye kiuno, huku kiolezo cha asili kikibaki kizima kwa ajili ya mwili mwingine.