Kimondo cha Malampaka na historia ya kupima mapigo ya kasi

Mwaka 1930, miaka miwili tu baada ya reli ya Tabora kufika Mwanza, jiwe lilidondoka kutoka angani huko Malampaka, Maswa. Lilikuwa na uzito wa takriban gramu 470. Leo Malampaka iko Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, makao yake makuu yakiwa Bariadi. Kwa kuwa kimondo hupewa jina la mahali kilipoangukia, jina la mji huu mdogo wa reli limo katika orodha za wanasayansi dunia nzima.

Kimondo hicho ni cha kundi H, mawe yenye chuma kingi yaliyoundwa miaka bilioni 4.5 hivi iliyopita. Huko angani mawe mama ya kundi hili yaligongana kwa mwendo wa kilomita kadhaa kwa sekunde, na makovu yakabaki ndani. Wengi hudhani makovu hayo hutokana na kugonga ardhi. Sivyo: hewa hulikaba jiwe dogo hata likatua kwa mwendo wa kitu kinachodondoka tu.

Lakini ukali wa pigo la kale utapimwaje? Mwaka 1872 Mwingereza John Hopkinson aliangushia vizito kwenye waya wa chuma, akabaini kwamba kinachoukata ni kimo cha kuangukia, yaani kasi, kuliko ukubwa wa kizito. Mwaka 1914 mwanawe, Bertram, alining'iniza nondo ya chuma kwa nyuzi na kushikiza kipande kifupi mwishoni kwa sumaku. Risasi ilipogonga upande mmoja, wimbi la pigo lilipita ndani ya nondo na kukirusha kipande hicho kwenye sanduku linalobembea. Kwa kupima sanduku lilivyosogea, na kubadilisha urefu wa kipande, alijua nguvu ya pigo na muda wake. Mwaka 1949 Herbert Kolsky aliweka sampuli katikati ya nondo mbili, na tangu hapo maabara hupima jinsi chuma, plastiki au mwamba unavyobonyea ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde.

Majaribio ya kugonga miamba kwa nguvu inayojulikana yalitoa kipimo cha vimondo. Mwaka 1991 Dieter Stöffler, Klaus Keil na Edward Scott walipanga madaraja sita, S1 hadi S6. Jiwe husagwa mpaka liwe kipande chembamba cha milimita 0.03 kinachopitisha mwanga, kisha huzungushwa chini ya hadubini. Punje ya madini ya olivini isiyopigwa huzima, yaani huwa nyeusi, yote kwa pamoja. Iliyopigwa huzima kwa mawimbi, na iliyopigwa zaidi huonyesha nyufa zilizonyooka sambamba. Katika S6 mgandamizo ulizidi ule wa hewa tunayovuta mara 500,000.

Mwaka huohuo 1930 ndipo habari za kimondo kikubwa cha Mbozi, mkoani Songwe, zilipowafikia wanasayansi, na leo wageni huenda kukitazama. Cha Malampaka nacho kinastahili kufahamika. Mwanafunzi wa Maswa au Bariadi anayesoma mwendo, nguvu na mgandamizo afundishwe kwamba mada hizo zina mfano wa kwao, na jina la kwao limeandikwa kwenye sayansi ya vimondo.