Dereva na mkata tiketi: historia ya madhara ya kukaa kutwa

Lalamiko la kuumwa mwili kwa sababu ya kukaa linasikika sokoni na kambini pia. Motari yuko kitini tangu alfajiri. Fundi wa nguo ameinama juu ya mashini. Baba aliyezoea jembe leo anakaa mbele ya hema, maana shamba limebaki kule vita vilikomfukuza. Lalamiko hilo lina historia ndefu.

Mwaka 1700, huko Modena nchini Italia, daktari Bernardino Ramazzini alitoa kitabu juu ya magonjwa ya wafanyakazi. Alikuwa akiwafuata mafundi kazini, na kila mgonjwa alimuuliza anafanya kazi gani. Aliona kwamba washonaji na wengine wanaofanya kazi wakiwa wamekaa wanaumia, akawashauri wafanye mazoezi, angalau siku za sikukuu. Ushauri ulikuwa mzuri, lakini hesabu ya kuuthibitisha hakuwa nayo.

Hesabu ilipatikana London, Uingereza, baada ya Vita Kuu ya Pili. Ugonjwa wa moyo ulikuwa ukiua wanaume wengi wa makamo, na sababu haikujulikana vizuri. Daktari Jerry Morris na wenzake wakaangalia mabasi ya ghorofa. Kila basi lilikuwa na wafanyakazi wawili: dereva, aliyekaa karibu zamu yote, na mkata tiketi, aliyepanda na kushuka ngazi kutwa nzima. Basi ni lile lile, barabara ni ile ile, na maisha ya nyumbani yalifanana.

Mwaka 1953 walitangaza matokeo katika jarida la The Lancet. Wakata tiketi walipatwa na ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva, na waliopatwa hawakufa kwa wingi kama madereva. Katika posta pia, wapeleka barua waliotembea walikuwa na afueni kuliko wenzao wa ofisini na wa simu.

Je, labda madereva walikuwa wanene tangu mwanzo? Morris mwenyewe alilichunguza swali hilo. Mwaka 1956 alionyesha, kwa kupima sare za kazi, kwamba viuno vya suruali za madereva vilikuwa vipana zaidi, hata kwa vijana. Kwa hiyo kiti hakikubeba lawama yote. Lakini utafiti mwingi uliofuata uliunga mkono jambo lenyewe, na mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wazima wapunguze muda wa kukaa na kuujaza kwa mwendo wowote, hata mdogo.

Kwetu hapa, hilo halihitaji pesa. Motari anayengojea mteja ashuke, atembee kidogo. Fundi apige pasi akiwa amesimama. Hata sisi wa redio, tusimame tunapopiga simu.

Lakini tusemezane ukweli. Mama anayebeba bidoni za maji kutoka mbali hakosi mwendo, anakosa kupumzika. Mwenye njaa aanze na chakula. Na yule mkulima mbele ya hema hakuchagua kukaa. Anyooshe miguu, ndiyo, amtembelee jirani. Ila dawa yake kamili ni amani, arudi shambani kwake.